Defender ya Windows: miezi minane kwenye kompyuta ya dada, baada ya ile imeili ya BL

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama nyumbani una Windows 11 usikimbilie kununua antivairasi, fungua kwanza ile iliyomo humo humo ndani, Microsoft Defender, na usiridhike na ile tiki ya kijani, ingia mpaka ukurasa wa Exclusions, ile orodha ya vitu ambavyo imeambiwa isivikague, uangalie kumeandikwa nini. Mimi nimejifunza hili kwa kuona dada yangu akikaribia kupoteza wateja aliowatafuta miaka, kwahiyo naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu kidogo.

Dada anaagiza mapazia na mashuka kutoka Guangzhou, mzigo unakuja kwa kontena la kuchangia, na mambo yote ya ofisi anafanyia nyumbani kwenye laptop moja ambayo jioni watoto nao wanaitumia kwa kazi za shule. Imeili yake ya biashara ni ya domaini yake mwenyewe, ile hosting ya bei rahisi ambayo inapokea chochote kinachotumwa, haichuji sana. Siku hiyo alikuwa anasubiri kwa hamu nyaraka za mzigo, ikaingia imeili yenye kichwa cha habari cha kawaida kabisa, Draft BL and Packing List (BL ni hati ya mzigo wa meli, packing list ni orodha ya vilivyomo), kiingereza kile kile cha mawakala wa mizigo, dear customer kindly confirm, na chini kuna faili la .rar, yaani furushi lenye mafaili mengine ndani. Akalifungua. Ndani kuna kitu chenye alama nyekundu ya PDF, jina DRAFT BL PACKING LIST.pdf, akabonyeza mara mbili. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akaona labda faili limeharibika, akaendelea na kazi zake.

Lile jina halikuishia kwenye .pdf. Jina kamili lilikuwa DRAFT BL PACKING LIST.pdf.exe, ila Windows ikitoka kiwandani inaficha zile herufi za mwisho kwa aina za faili inazozijua, kwahiyo .exe ilikuwepo lakini haionekani, na alama ya PDF ni picha tu ambayo mtengenezaji wa programu anaweza kubandika yoyote anayotaka. Hii mbinu ni ya kizee mno. Kile kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000, kilichotokea Ufilipino, kilikuja na faili linaloitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wakaona .TXT wakajua ni maandishi tu, wakafungua, kikajituma chenyewe kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha ya anwani za Outlook na kikafuta picha za watu kwa kuandika juu yake. Miaka yote hiyo imepita na mpaka leo settingi ya kuficha iko vile vile. Mimi hii inaniuma kwakweli, manake ni tiki moja tu: kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, alafu Show, alafu weka tiki kwenye File name extensions. Fanya hivo leo kwenye kompyuta ya mama, ya baba, ya shemeji, kwenye zote.

Siku ya tatu simu ya dada ikaita, mteja wake wa Dodoma. "Dada, hii akaunti mpya uliyonitumia ni ya benki gani tena, mbona jina sio lako?" Dada hakuwa ametuma akaunti yoyote. Kufungua Sent haoni kitu. Tukaja kugundua baadae kwamba aliyeingia aliweka kichujio kwenye sanduku la barua, kila imeili yenye neno "invoice" au "payment" inapelekwa kwake kwanza na kwa dada haibaki. Yaani mwizi alikaa katikati ya dada na wateja wake, anasoma, anajibu kwa jina la dada, na dada hajui. Aliyeokoa hela ni yule mteja kwa kupiga simu. Hakuna kifaa chochote kilichomwambia apige, aliona jina geni akauliza.

Aliponiita nikajua nitakuta hamna antivairasi. Nikafungua Windows Security, kila kitu kijani! Tiki kwenye Virus & threat protection, tiki kwenye firewall, chini imeandikwa hakuna cha kufanya. Defender imewaka, apdeti ni ya jana. Nilikaa nikaiangalia dakika kadhaa, nikawa karibu kabisa kumwambia dada tatizo ni paswedi yake tu imeibiwa mahali pengine, kompyuta ni salama. Alafu nikasema ngoja niingie ndani zaidi. Virus & threat protection, Manage settings, nikashuka mpaka chini kabisa, Exclusions. Huu ukurasa ndio unaiambia Defender vitu gani isivikague. Kulikuwa na mstari mmoja.

C:\

Basi, hicho tu. Diski nzima. Maana yake Defender ilikuwa macho, inapokea apdeti, inaonyesha kijani, lakini imeamriwa isiguse kitu chochote kilichomo kwenye diski C, na diski C ndio kila kitu alichonacho. Ni sawa na kumweka mlinzi getini ukamwambia usimuulize yeyote anayepita kwenye geti hili.

"Mdogo wangu, mi ata sijui hiyo kitu inafikiwaje," dada akaniambia, na ni kweli. Ilitoka kwa fundi aliyemuwekea Office. Ili ile Office isidai leseni, fundi anaweka programu ya kuamsha, wenyewe wanaita aktiveta, Defender inaikamata kila ikiwekwa, na fundi kwa kuchoka anaizima Defender au anaiwekea ruhusa diski nzima ili isimsumbue. Fundi simtaji na wala sidhani alikuwa na nia mbaya, alikuwa anamaliza kazi aondoke, na mafundi wengi wanafanya hivo hivo. Lakini mnaona hasara yake. Office ya bure ikafungua mlango, na mlango haukufungwa tena kwa sababu mwenye nyumba hajui kama upo wazi.

Nikakata intaneti kwanza, ili kilichomo kisiendelee kutuma. Nikafuta ule mstari. Alafu nikafungua folda ya Downloads, na hapo hapo, sikubonyeza faili lolote, ujumbe ukatokea kwenye kona, Threats found. Ukifungua Protection history unakuta majina: Trojan:MSIL/AgentTesla kwa lile la BL, na HackTool:Win32/AutoKMS kwa ile aktiveta. Agent Tesla ni mwizi wa siri, anajulikana tangu 2014 hivi, anachukua paswedi zote ulizohifadhi kwenye brauza na kwenye programu ya imeili, anarekodi unachoandika kwenye kibodi, anapiga picha ya skrini, na mara nyingi anavituma kwa imeili ya kawaida. Ndio maana hakuharibu kitu. Hakufunga mafaili, hakuonyesha tangazo, kompyuta haikuwa nzito. Watu wengi bado wanajua kirusi ni kile kinachozaa shortcut kwenye flashi, wa siku hizi anataka ukae miezi bila kujua.

Kwahiyo Defender ilikuwa inamjua huyu mwizi kwa jina lake. Ingeachwa ifanye kazi yake pengine ingemkamata siku ile ile, sekunde ile dada anafungua .rar. Hilo ndilo limenifanya niiandikie hii tathmini.

Usafi tuliofanya, kwa ufupi: full scan, ambayo kwenye hadidisk yake ya zamani ya 500GB ilikula zaidi ya masaa matatu, alafu ile inayoitwa Microsoft Defender Offline scan, iko kwenye Scan options, inazima kompyuta na kuiskani kabla Windows haijaamka ili kirusi kisipate nafasi ya kujificha, inachukua kama robo saa. Baada ya hapo bado sikuwa na amani, tukahamisha nyaraka na picha kwenye diski ya nje na nikapiga Windows upya kabisa, safari hii bila aktiveta yoyote. Office tukaweka LibreOffice, ya bure halali, inafungua ekseli zake zote, siku mbili tatu za mwanzo alilalamika vitufe viko kwingine saivi ameshazoea. Paswedi tulibadilisha zote, na tulibadilishia kwenye simu. Hili watu wanakosea sana, unabadilisha paswedi kwenye kompyuta ile ile yenye mwizi, unampa mpya mkononi. Tukafuta kile kichujio kwenye sanduku la barua, tukaangalia na upande wa Gmail yake binafsi, Settings, Forwarding na Filters, huko kulikuwa salama, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili.

Sasa tuje kwenye miezi minane ya kuitumia ikiwa imewashwa sawasawa.

Kukamata imekamata. Mara tatu kwenye Protection history kuna mafaili ya imeili, yote ya mtindo ule ule, moja ankara, moja risiti ya benki, moja eti notisi ya mzigo umefika. Imeyatoa yenyewe kabla hayajafunguliwa na dada aliona ujumbe tu. Mimi mwenyewe niliijaribu na EICAR, hii ni maandishi ya herufi na alama 68 ambayo hayana madhara yoyote, yamekubaliwa na watengenezaji wa antivairasi kuwa ya kupimia, unayaweka Notepad unahifadhi, na antivairasi iliyo hai lazima ipige kelele. Ilipiga kabla sijafunga Notepad. Ukiwa na wasiwasi kama yako inafanya kazi au imezibwa mdomo, hiki ndio kipimo, na ukiweka lile faili Documents au Desktop ikakaa kimya, nenda moja kwa moja Exclusions.

Uzito, laptop ina RAM ya GB 8 na kwa hadidisk ile ile ya zamani ilikuwa inavuta kidogo wakati wa kuskani, ukiwa na SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, hutoisikia. Kabla ya haya yote dada aliwahi kuwa na antivairasi ya kulipia, kadi ya mwaka mmoja, elfu thelathini, jina sitaji, miezi miwili ya mwisho kila akiwasha kompyuta inamletea dirisha la kumtisha alipie tena, na watoto walikuwa wanabonyeza chochote ili liondoke. Kumzoesha mtu kubonyeza madirisha ya kutisha bila kusoma ni hatari yenyewe. Defender haiombi hela, haina mwaka wa kuisha. Ila msichanganye, kuna app nyingine nayo inaitwa Microsoft Defender ya wanaolipia Microsoft 365, hiyo ni kitu cha ziada, ninayoizungumzia ni ile iliyomo ndani ya Windows bila malipo.

Watu wanasema antivairasi ya bure ni dhaifu. Zamani ilikuwa na ukweli, ilipoanza enzi za Windows Vista ilikuwa ya kuzuia programu za upelelezi tu, ikawa antivairasi kamili kuanzia Windows 8 mwaka 2012 na miaka ya mwanzo ilikuwa inaachwa nyuma. Saivi kwenye vipimo vya AV-TEST, maabara ya Ujerumani, mara nyingi inapata 6 kati ya 6 sawa na zile za hela.

Lakini kuna udhaifu mmoja ambao kwetu ni mkubwa kuliko Ulaya na sioni watu wakiusema. Defender inategemea sana intaneti kuuliza kule Microsoft, hili faili jipya mnalijuaje? Vipimo vya AV-Comparatives, wale wa Austria, vimeonyesha kwamba ukiikatia intaneti uwezo wake wa kutambua unashuka kuliko baadhi ya washindani wake. Sasa fikiria maisha yetu ya bando: unawasha hotspot ya simu, unashusha imeili zote na mafaili yake, unazima ili bando lisiishe, alafu unakaa kufungua mafaili bila mtandao. Huo ndio muda mbaya kuliko yote wa kufungua faili la mtu usiyemjua. Mimi nimemwambia dada, faili lililotoka kwenye imeili lifungue ukiwa hewani, bando linaloliwa kwa hilo ni dogo mno. Na kabla ya kufungua imeili asubuhi ingia Protection updates, bonyeza Check for updates, manake kompyuta inayowashwa kwa hotspot ya nusu saa nusu saa inaweza kubaki na apdeti ya wiki iliyopita.

Kitu kingine kimezimwa tangu kiwandani na ningependa kingekuwa kimewashwa, au angalau Windows imuulize mtu: Controlled folder access, ipo tangu mwishoni mwa 2017, chini ya Ransomware protection. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha kitu kwenye Documents, Pictures na mafolda mengine utakayoongeza, kwahiyo wale virusi wa kufunga mafaili na kudai fidia wanagonga ukuta. Usumbufu wake ni kwamba inazuia na programu halali ambazo haizijui, hasa programu ndogo za hesabu na za stoo za zamani, utaona zinashindwa kuhifadhi, unaingia Allow an app unaiongeza moja moja. Wiki ya kwanza ina kero, baada ya hapo unasahau. Ila diski ya nje yenye nakala bado ni lazima, na iwe imechomolewa, ikikaa imechomekwa muda wote na yenyewe inafungwa pamoja na vingine.

Isichoweza kabisa ni imeili isiyo na kirusi. Ile barua ya "tumebadilisha akaunti ya benki" haina faili, haina kiungo, ni maneno tu, Defender itaiona ni barua kama barua nyingine. Hapo dada ameweka utaratibu wake na amewaandikia wateja wote: akaunti yangu ikibadilika nitakupigia kwa namba unayoijua, nisipopiga usilipe. Ndio kinga bora kuliko zote kwenye hii habari nzima na haina uhusiano wowote na kompyuta.

Na lile suala la makro za Word na Ekseli, yaani amri ndogo zinazowekwa ndani ya faili, mnakumbuka ule ujumbe wa njano wa Enable Content, makro ndio njia iliyotumiwa hata na kirusi cha Melissa, Machi 1999, kilichokuwa kinajituma kwa watu 50 wa kwanza kwenye anwani zako. Mwaka 2022 Microsoft wakaamua makro za faili lililotoka kwenye intaneti zizuiwe moja kwa moja kwenye Office, ndio maana wezi wamehamia kwenye .rar, .iso na mafaili ya ajabu ajabu. Lakini Office ya kuchakachua isiyopokea apdeti haijapata hiyo kinga, iko wazi kama enzi zile. Unaona tena tunarudi kwa ile aktiveta.

Mwenye Windows 10, matengenezo yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa nyongeza kwa wa nyumbani wanaojiandikisha ulipangiwa kuishia Oktoba 2026. Defender itaendelea kupata orodha za virusi lakini nyumba yenyewe ikiwa na nyufa mlinzi hawezi kuziba. Kama mashine haikubali Windows 11, jipange mapema.

Nani alipie basi? Ofisi yenye kompyuta nyingi na hakuna mtu wa kuzikagua moja moja, na mtu anayefanya kazi siku nyingi bila intaneti kama nilivyoeleza. Nyumba ya kawaida, hapana, hiyo elfu thelathini ongezea ununue diski ya nje ya nakala. Kwangu Defender inapata nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya tiki ya kijani inayoendelea kuwa kijani hata kama diski nzima imeondolewa kwenye ulinzi. Mtu wa kawaida akiona kijani anaamini, na ana haki ya kuamini. Ukurasa ule ungetakiwa uwe mwekundu.

Mwezi uliopita laptop ilipelekwa kwa fundi mwingine kubadilishiwa hadidisk kuwa SSD. Ilivyorudi dada hakuuliza bei kwanza, aliiwasha pale pale dukani, akaingia Windows Security, Manage settings, akashuka mpaka chini, fundi amesimama anamwangalia. Akasoma ukurasa wa Exclusions kwa sauti, hamna kitu, ndio akafungua pochi akamlipa.